Arusha inahitaji magari mangapi ya wagonjwa?

Swali hili huulizwa kila bajeti inapokaribia, na hujibiwa haraka kupita kiasi. Kuna kipimo kinachozunguka sana kwenye mipango ya afya: gari moja la wagonjwa kwa kila watu 50,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha. Ukigawa unapata magari 12 na kidogo. Anayetaka mambo mepesi anaweza kuishia hapo, akaandika 12 kwenye karatasi na kusubiri siku ya kukabidhi funguo mbele ya kamera.

Lakini mgonjwa wa Sombetini saa nane usiku hasaidiwi na gari lililoandikwa kwenye orodha ya mali. Anahitaji gari lenye mafuta, dereva na muuguzi walio zamu, lisilo na mgonjwa mwingine ndani, na lililo upande wake wa mji. Ndiyo maana wanaopanga huduma hii huanza kuhesabu saa, yaani kwa siku nzima jiji linapata saa ngapi za gari lililo tayari kutoka. Idadi ya magari huja baadaye.

Saa kwanza

Tuchukue simu 40 za dharura kwa siku. Ni namba ya kufanyia mfano tu. Ukipata simu 25 au 70, njia ya hesabu ni ileile. Safari moja ina vipande vingi kuliko mtu anavyoviona barabarani. Gari linatoka kituoni (dakika 2), linamfikia mgonjwa (12), wahudumu wanamhudumia na kumpakia (15), wanampeleka hospitali (18), wanamkabidhi (25), halafu wanasafisha machela, wanajaza vilivyotumika na kutoa taarifa kwamba wako wazi tena (18). Jumla ni dakika 90. Simu 40 zikizidishwa kwa saa moja na nusu ni saa 60 za kazi kwa siku.

Mhasibu akiona hapo atasema gari moja lina saa 24, kwa hiyo magari matatu yanatosha na muda unabaki. Yangetosha kama wagonjwa wangekubali kupewa miadi. Saa moja inaingia simu moja, saa inayofuata zinaingia tano, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ina tabia zake. Gari likiwa kazini kwa asilimia 60 ya muda wake, zaidi ya nusu ya wanaolihitaji katika eneo lake watakuta limetoka. Kwa hiyo gari la dharura huachwa wazi kwa makusudi, na hapo ndipo mkaguzi anapouliza kwa nini wahudumu "wamekaa tu". Kukaa ndiyo bidhaa yenyewe. Ukilenga gari liwe kazini kwa kama theluthi ya muda wake, tuseme asilimia 35, saa 60 zinadai saa 171 za gari lililo tayari, kila siku.

Saa hizo hazigawanywi sawasawa. Simu huongezeka kuanzia asubuhi watu wanapoingia barabarani, hupanda zaidi jioni, kisha hushuka baada ya usiku wa manane. Magari 9 kwa zamu ya saa 12 za mchana na jioni, na 5 kwa saa 12 zilizobaki, yanatoa saa 108 na 60, jumla 168, karibu na zile 171. Ongeza mawili ya akiba, kwa kuwa gari lililo gereji halimfuati mgonjwa. Yanakuwa 11.

Tumezunguka kote huko tukarudi jirani na 12. Tofauti inaonekana ukigeukia watu. Magari 12 yenye dereva mmoja mmoja, kila mmoja akifanya saa 45 kwa wiki ambazo ndiyo kikomo cha saa za kawaida katika sheria ya kazi, yanatoa saa 540 kwa wiki. Mpango wetu unadai saa 168 mara siku saba, yaani 1,176. Kwa maneno mengine, jiji lenye magari 12 na madereva 12 limenunua chini ya nusu ya huduma linayodhani linayo, na nusu inayokosekana ni ya usiku na sikukuu.

Ukitaka saa 1,176 kwa wiki, kiti cha dereva pekee kinahitaji watu 26. Weka likizo ya mwaka ya siku 28, ugonjwa, uzazi, mafunzo na sikukuu, kama robo ya ziada, wanakuwa 33. Kiti cha muuguzi au tabibu nacho ni hivyohivyo. Watu 66, na bado hujamhesabu hata mpokea simu mmoja. Kifungu hiki ndicho hufutwa kwanza bajeti inapobana, kwa sababu mishahara haizinduliwi kwa kukata utepe. Na gari lisilo na wahudumu wake halikosi kazi: litapeleka sampuli maabara, litabeba chanjo, litasindikiza watu kwenye semina, na siku likihitajiwa litakuwa wilaya nyingine, Longido.

Simu inapigwa wapi

Tanzania ina namba 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 iliyozoeleka zaidi kupitia m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Hata hivyo, mtu akianguka Unga Limited namba ya kwanza kupigwa ni ya shemeji mwenye gari, au ya bodaboda wa kijiweni. Hatumlaumu aliyepiga. Anapiga kwa yule ambaye ana uhakika atapokea.

Jiji linalotaka kuanzisha namba yake mpya lifikiri mara mbili. Namba ya nne itaongeza mkanganyiko, na m-mama tayari imeshajenga sehemu ngumu zaidi: chumba cha kupokea simu usiku na mchana, utaratibu wa kuamua mgonjwa apelekwe kituo kipi, na madereva wa jamii wanaoitwa gari la wagonjwa linapokosekana na kulipwa kwa simu ya mkononi. Kilichobaki ni kukipanua chumba hicho kipokee na majeruhi, kiharusi, degedege na mshtuko wa moyo, na kuhakikisha askari wa 112 akipokea simu ya majeruhi anaihamisha kwa kitufe kimoja, bila kumwambia mtu akate apige namba nyingine.

Mpokea simu mzuri haanzi kwa kuuliza jina. Anauliza mgonjwa yuko wapi, kisha namba ya mpigaji ili simu ikikatika ampigie, kisha kimetokea nini, ameamka au hapana, anapumua kawaida au hapana, anatoka damu nyingi au hapana. Hapo gari tayari linatoka. Maswali mengine yanaendelea wakati gurudumu linazunguka, na mpokea simu anabaki kwenye laini akimwelekeza aliye na mgonjwa: bonyeza hapo penye damu kwa nguvu, usiachie kuchungulia, au mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kuanzia simu kupokelewa hadi gari kupewa kazi, lengo ni dakika moja. Vyumba vingi hutumia tatu au nne, na karibu zote humezwa na swali la kwanza.

Maana "wapi" Arusha ni swali zito. Kijenge ipi: Juu, Chini au Mwanama? Kwa Mrombo huandikwa pia Kwa Mromboo, na mashine ya kutafuta huziona kuwa sehemu mbili. Njiro ni kubwa kuliko miji mingine yenye mkurugenzi. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliweka namba kwenye nyumba na majina kwenye mitaa, na programu ya NaPA inaweza kumfikisha dereva hadi mlangoni, lakini mtu anayelia hakumbuki kibao cha namba kilichopo ukutani kwake. Kazi ya kuchosha na yenye faida kubwa ni kutengeneza daftari la majina ya mtaani: kila kijiwe, kona, msikiti, kanisa, baa, shule na "kwa fulani", likiwa na viratibu vyake na tahajia zake zote. Wajumbe wa mitaa na madereva wa bajaji wanalikamilisha kwa wiki chache, kama wakilipwa.

Kwenye barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru, kilomita 14.1, kuna swali jingine lisilokwepeka: ajali iko upande wa kwenda Moshi au wa kurudi mjini? Ukingo wa katikati hauruki gari. Dereva akikosea upande anaiona ajali mita 15 kutoka kwake, kisha anakwenda mbele kutafuta pa kugeuzia.

Magari yasubiri wapi

Mazoea ni kuyaegesha yote hospitali. Ni rahisi kuyasimamia, na dawa ziko karibu. Ila Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru iko kaskazini mwa katikati ya mji, ilhali watu wengi wamejazana kusini na magharibi: Unga Limited, Sombetini, Muriet, Kwa Mrombo. Mto Themi na mto Naura inashuka kutoka Meru ikiukata mji, hivyo anayetoka mashariki kwenda magharibi analazimika kupita kwenye madaraja machache na wenzake wote wa saa kumi na mbili jioni. Ving'ora husaidia pale tu magari mengine yana pa kusogea. Pale Kilombero siku ya soko, king'ora ni kelele za ziada.

Vituo vya afya vya Muriet, Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro vinafaa kuwa maegesho ya kusubiria: vina choo, maji, umeme, na mahali pa wahudumu kupumzika. Sehemu ya gari moja Njiro na jingine njia ya Moshono ingeziba upande wa mashariki. Kabla ya kuamua, pima kwa kuendesha, mara moja saa mbili asubuhi, mara moja saa kumi na mbili jioni, mara moja saa nane usiku, na tena mvua za Aprili barabara za vumbi za kusini zinapoteleza. Ramani ya simu inajua foleni za magari. Haijui mtaro uliobomoka. Na magari yawe yanahama: la Muriet likitoka, la Kaloleni linasogea kusini bila kusubiri kuombwa. Bila hatua hiyo, simu ya pili ya upande uleule ndiyo inayoua.

Kuhusu aina ya gari tuna msimamo. Land Cruiser mkonga ni sawa kwa njia za Ngorongoro na Longido, lakini ndani yake muuguzi hawezi kusimama wala kukandamiza kifua ipasavyo. Kwa lami ya jiji, Hiace yenye paa refu inamfaa mgonjwa zaidi, inanyonya mafuta kidogo, na mafundi wa Arusha wanaijua hata wakifumbwa macho. Mawili au matatu ya mkonga yabaki kwa mitaa ya juu ya Meru.

Mlango wa hospitali

Rudi kwenye zile dakika 90. Dakika 25 za kukabidhi ndizo nafuu kuliko zote kupunguza, na karibu hakuna anayezigusa. Ukizifanya 15, safari inakuwa dakika 80, kazi ya siku inashuka hadi saa 53, na saa za utayari zinazohitajika zinashuka kutoka 171 hadi kama 152. Umepata saa 19 kila siku, karibu gari zima lenye wahudumu wake, bila kuagiza chochote bandarini.

Kinachoshikilia gari mlangoni mara nyingi ni machela. Mapokezi hawana kitanda, mgonjwa anabaki juu ya machela ya gari, na gari haliwezi kuondoka bila machela yake. Dawa ni kubadilishana: machela tatu za akiba zikae kila hospitali inayopokea, gari linaacha iliyo na mgonjwa na kuchukua iliyo safi. Jambo la pili ni maneno ya kukabidhi. Yawe na mpangilio mmoja kwa hospitali zote, za serikali na za mashirika ya dini: ni nani na ana umri gani, kimetokea nini na saa ngapi, tumeona nini, tumefanya nini. Sekunde 40 zinatosha, wote wakisikiliza mara moja, kuliko kusimulia mara nne kwa watu wanne. Na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ifuatiliwe na mwingine. Majeruhi anayetoka damu hapaswi kusubiri karatasi ya polisi wala amana ya malipo ndipo aguswe, na ndugu wanaoamini vinginevyo hupoteza nusu saa wakipitia kituo cha polisi kwanza. Tangazo la redioni katika hili lina kazi kuliko mabango ya hospitali.

Safari ya KCMC

Rufaa ya kwenda KCMC, hospitali ya kanda iliyoko Moshi, ni kilomita kama 80. Ukijumlisha kwenda, kukabidhi na kurudi, gari limetoweka jijini kwa saa nne hadi tano. Rufaa mbili kwa siku zinakula karibu saa 10, na zinakula kutoka kwenye magari yale yale ya dharura kama hayakutenganishwa. Rufaa zipewe magari yake mawili na wahudumu wake, na zinazoweza kupangwa zisafiri asubuhi.

Safari hii ndiyo inayofichua udhaifu wa oksijeni. Mtungi wenye ujazo wa lita 10 uliojazwa hadi baa 150 una oksijeni lita 1,500. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika, kwa safari ya saa mbili ukihesabu malori ya Usa River na vibao vya kilomita 50 kwa saa, atatumia lita 1,200. Weka nusu ya ziada kwa ajili ya pancha au foleni, unafika 1,800. Mtungi mmoja hautoshi, ingawa wakati wa kutoka geji inasoma umejaa. Na kosa la kijinga linalojirudia kila mahali: mtungi umejaa, spana ya kuufungulia haipo. Ifungwe kwa mnyororo.

Vingine hukaguliwa kila mwanzo wa zamu kwa kuviwasha, kuvitazama hakutoshi: mashine ya kufyonza makohozi na damu, mifuko ya kumpulizia hewa mtu mzima, mtoto na mchanga, kipima sukari na glukosi, mikanda ya kubana damu, vipande vya kuegemezea mfupa uliovunjika, magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba, na oksitosini. Hii ya mwisho hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiachwa wiki nzima ndani ya gari lililoegeshwa juani inabaki chupa tu, na mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Wanaofika kabla ya gari

Hata mpango ukikamilika, wa kwanza kufika ni bodaboda. Leo wanambeba majeruhi mshikaki: dereva mbele, majeruhi katikati, wa tatu akimshikilia, shingo inaning'inia. Kuwakataza hakusaidii mahali ambapo gari halijafika. Wafundishwe kwa siku moja mambo manne: kuzuia damu, kumlaza kwa ubavu aliyezimia lakini anapumua, kukandamiza kifua, na kutomsogeza aliyeumia mgongo isipokuwa kuna moto au magari yanapita juu yake. Kila kijiwe kipewe glovu, bendeji nene na mikanda miwili ya kubana damu, na kinapotumia kirudishiwe siku hiyohiyo. Miradi ya aina hii hufa pale vifaa vinapoisha mwezi wa pili na hakuna aliyepangiwa kuvijaza. Somo refu zaidi, kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani ya siku tano, liwe la wauguzi na matabibu wa kwenye magari na wa mapokezi, wakae darasa moja wajuane.

Pima bila kujidanganya

Chukua simu kumi zilizosubiri dakika 6, 7, 7, 8, 8, 9, 9, 10, 31 na 45. Wastani ni 14. Hakuna hata mgonjwa mmoja kati yao aliyesubiri dakika 14. Wanane walihudumiwa vizuri na wawili walitelekezwa. Uliza badala yake: katika kila simu kumi, ukizipanga kuanzia iliyosubiri muda mfupi zaidi, ya tisa ilisubiri muda gani? Hapa ni dakika 31, na swali linalofuata ni simu hizo mbili zilitoka mtaa gani. Zikitoka mtaa mmoja, una tatizo la mahali pa kuegesha. Zikitoka saa ileile ya siku, una tatizo la zamu.

Lengo la dakika 8 linalonukuliwa sana lina asili yake: utafiti wa wagonjwa waliosimama moyo, King County, jimbo la Washington, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hao kila dakika bila kukandamizwa kifua hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10, na lengo lina maana. Kwa mguu uliovunjika halina. Simu nyekundu, za kufa na kupona, ziwe na lengo lake, za njano lake, na za kijani zinaweza kusubiri au kwenda kwa bajaji.

Uwanja wa Olmoti

Kuna tarehe isiyosogezwa na kikao: AFCON ya 2027, ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja wa Arusha wa watu 30,000 uko Olmoti. Magari ya uwanjani yasikatwe kutoka zile saa 168 za jiji, kwa kuwa siku ya mechi wajawazito wa Sombetini hawaahirishi uchungu.

Ajali ya Ngaramtoni ya Februari 2024, iliyoua watu 25, inaonyesha aina ya tukio ambalo jiji linapaswa kuwa limelifanyia mazoezi. Majeruhi wengi wakitokea kwa mpigo, wenye michubuko hukimbizwa kwanza na bodaboda hadi hospitali iliyo karibu, na mahututi wanaochukua muda kunasuliwa wanakuta vitanda vimejaa. Kwa hiyo mtu mmoja eneo la tukio, si tabibu, awe na kazi moja tu: kujua hospitali ya Mount Meru imepokea wangapi, ya Selian wangapi, ya ALMC wangapi, na kumwambia kila dereva aende wapi. Tepe za kuonyesha nani ahudumiwe kwanza, za rangi nyekundu, njano, kijani na nyeusi, zifungwe mkononi mwa majeruhi, kwenye nguo zitachanika. Pale Olmoti, lango moja liwe la magari ya wagonjwa pekee, lisiuzwe kwa wageni waalikwa, na magari yaegeshwe kinyumenyume yakitazama nje, funguo zikiwa na dereva aliyekaa kwenye usukani na siyo jukwaani.